Bi Gaddis Kwenye Kiti cha Nyuma

Renita Boykin ndiye aliyewapigia polisi simu, na kabla gari halijafika alikuwa ameshajuta. Alikuwa makamu mpya wa mwalimu mkuu, katoka Chicago juzi tu. Alipoona mwanafunzi mmoja, Jarvis, kavunja kwa ngumi kioo cha kabati la vikombe vya ushindi, damu imetapakaa sakafuni, akafanya kama walivyokuwa wakifanya kule. Hakuna aliyemwambia kwamba huku Mississippi, katika mji huu mdogo, likitokea jambo shuleni anaitwa kwanza Bi Gaddis, mwalimu mkuu.

Jarvis alikuwa na miaka kumi na mitano. Bibi yake aliyemlea walimzika Jumamosi. Akiondoka na pingu jina lake litaingia polisi, na likishaingia halitoki. Renita alilijua hilo, roho ikamuuma.

Askari alikuwa kijana mweusi, mrefu, mkono kiunoni. Alishamtia Jarvis garini, na shule nzima imejazana madirishani, ndipo Bi Gaddis akatokea. Mfupi, mnene, umri unagonga sabini, viatu vinalia ko, ko, ko. Wala hakukimbia. Yule mama aanze kumkimbilia nani?

Akamtazama askari tangu kofia hadi buti, akamuuliza lile swali ambalo wazee wa huko humuuliza kila kijana.

"Wewe mtoto wa nani?"

Kijana akaanza kueleza mambo ya sheria. Bi Gaddis akamsubiri amalize, kisha akaendelea kumsubiri. Mwisho yule bwana mkubwa na bastola yake akainamisha macho.

"Wa Earline Tubbs, mama."

"Earline wa kwaya. Mtu wa heshima zake." Akafungua mlango wa nyuma, akajibana kando ya Jarvis, akafunga mkanda. "Haya, baba, twende. Ila tupitie kwa mama yako kwanza, anione uliponikalisha."

Renita hajapata kuona ukubwa wa namna ile kwa mtu aliyekaa kitako. Askari akasimama pale jasho likimtoka, hata akavua kofia, akaufungua mlango upande wa Jarvis. Akamwambia mtoto aende akasafishwe kile kidonda.

Baadaye Renita alikwenda ofisini kuomba radhi. Akamkuta Bi Gaddis anajaribu kunywa maji, na mikono inamtetemeka hata glasi inagonga meno, maji yote kifuani.

"Kaka yangu walimchukua kwa gari kama lile," Bi Gaddis akasema. "Hakurudi. Toka siku hiyo hata kulisogelea nilikuwa siwezi. Nifungie mlango, mwanangu, watoto wasinione."

Renita akaufunga, akasimama nje, mgongo umeegemea mlango. Wanafunzi wakaja mbio kumuulizia Bi Gaddis, macho yanawang'aa. Akawaambia mwalimu mkuu ana kazi.