Sahani ya Mama Harishi

Ko, ko, ko. Mti wa kusukumia chapati uligonga kibao, ukanyamaza, ukagonga tena. Kwandu aliusikia akiwa bado kitandani, jogoo wa kwanza hajawika, akajua kuwa leo ni Divali, sikukuu ya taa, maana Mama Harishi hakuwa na siku nyingine ya kuamka mapema kiasi hicho.

Sauti ilitoka jikoni kwa Mama Harishi, ng'ambo ya uzio wa minyaa. Jiko lile lilikuwa limefungwa kwa kufuli miaka miwili. Mama Harishi mwenyewe alifariki Mwanza mwaka uliopita, wakati wa masika. Barua ililetwa na dereva wa lori la pamba, na mwalimu Laurian aliisoma mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza Kwandu alikuwa akilia na hakuyasikia maneno yote.

Kwandu alijifunga kitenge, akapuliza moto, kisha akashusha sahani ya shaba kutoka kichanjani. Akaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa.

Habari ya sahani ni hii. Kwa miaka kumi na minane Mama Harishi na mumewe walikuwa na duka katika kijiji kile kidogo cha barabarani, upande wa Runazi. Wahindi wenzao walikuwa mbali, Biharamulo mjini, kwa hiyo Divali waliila na majirani. Vitaa vya udongo vilifinyangwa na Nimpaye, mama aliyetoka Burundi na vidole vinavyojua udongo. Mara ya kwanza alipoombwa vyombo vidogo kama kiganja cha mtoto, Nimpaye aliuliza kama Mhindi anawapikia panya. Pamba ya tambi za taa ilitoka shambani kwa Kwandu. Samli ilitoka kwa ng'ombe wa mumewe, Shibuda. Jioni vitaa vilipangwa kwenye kizingiti na barazani, kisha Mama Harishi akapita nyumba kwa nyumba na sahani za laddu, vile vidonge vitamu vya unga wa dengu vinavyonukia iliki.

Na sahani ya jirani hairudi tupu. Hilo hakuna aliyefundishwa, kila mtu alilijua. Kwandu alikuwa akiirudisha na karanga, au mayai, au mbaazi mbichi.

Kisha ikaja amri kwamba maduka ya watu yafungwe na biashara iwe ya kijiji. Mwenyekiti Pancras alifika na karatasi siku mbili baada ya Divali. Karatasi ilisema duka. Nyumba haikutajwa. Mwenyekiti alieleza kuwa nyumba imeshikana na duka kama ulimi na kinywa, akafunga vyote viwili kwa kufuli. Jioni ile Mama Harishi, mumewe na mtoto wao walipandishwa juu ya magunia ya pamba. Kwandu alikuwa shambani. Aliporudi alikuta vumbi la lori, na sahani ya shaba nyumbani kwake, haijajibiwa.

Ndiyo maana asubuhi hii alikwenda ofisi ya kijiji.

"Shikamoo, mama," alisema Pancras.

"Marahaba, Mwenyekiti. Naomba ufunguo wa nyumba ya Mama Harishi. Nina sahani yake."

Pancras alinusa hewa. Harufu ya samli na iliki ilikuwa imejaa ofisini tangu kupambazuka, na karani alikuwa amemeza mate mpaka amechoka.

"Ndiye anayepika?"

"Ndiye."

"Lakini huyu si ni marehemu?"

"Ni marehemu. Ila anapika."

Mwenyekiti alifungua daftari la wakazi, akapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa. "Hayumo. Na asiyekuwamo siwezi kumfungulia. Ile sasa ni ghala la kijiji, mama. Inataka kikao."

"Siku ulipojikata mguu kwa shoka, aliyekufunga kidonda alingoja kikao?"

Pancras aliutazama mguu wake. "Alikuwa mtu mwema. Hilo halina ubishi." Akafunga daftari. "Na kuna vita, mama. Ndege zimeshatupa mabomu Bukoba. Jua likizama, taa isionekane nje. Mwambie."

"Mwambie mwenyewe. Ni jirani yako pia."

Kwandu alirudi nyumbani. Sukari haikuwa imeonekana duka la kijiji tangu mavuno. Alichemsha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, akavipanga kwenye sahani, akavimwagia asali ya mwisho iliyobaki kibuyuni. Hiyo asali aliiweka kwa ajili ya kurudi kwa Ndassa, mwanawe, aliyechukuliwa na mgambo siku nne zilizopita. Aliitazama kidogo, kisha akamimina yote.

Jua likizama, Nimpaye alikuja na kikapu cha vitaa. Alikuwa amevifinyanga mwaka huu kama miaka yote.

"Dada, mikono imezoea," alisema. "Ukiizuia inauma."

Walikwenda wote wawili hadi mlango wa nyuma, ng'ambo ya uzio. Kufuli lilining'inia mahali pake. Wakasikia bangili zikigongana ndani, halafu mkono wa Mama Harishi ukapita katika mbao za mlango kama mtu anayesogeza pazia, ukachukua kitaa cha kwanza. Ukarudi, ukachukua cha pili. Nimpaye alivitoa kikapuni kimoja kimoja, akionya pasipo haraka, "Shika vizuri, hicho kina ufa." Vilipokwisha, mwanga wa manjano ulijaa katika nyufa zote za mlango.

Mwenyekiti Pancras alitokea akikimbia, ufunguo mkononi.

"Zimeni! Mnataka tupigwe mabomu?"

Akafungua kufuli, akasukuma mlango. Ndani kulikuwa na giza, magunia ya mbegu na mipini ya majembe. Mafiga yalikuwa ya baridi. Akafunga. Mwanga ukarudi katika nyufa. Akafungua tena: giza na magunia. Akafunga: mwanga, na mtu akicheka taratibu. Alifanya hivyo mara tano, kwa kuwa alikuwa mtu makini. Mwisho akakaa kwenye ngazi ya baraza, akatoa kijidaftari na kuandika kwamba taa hazionekani mlango ukiwa wazi, hivyo amri haijavunjwa.

"Sasa mimi naingia," alisema Kwandu.

"Nikufungulie?"

"Hapana. Ukifungua hayupo."

Alitanguliza sahani. Mbao zilikuwa za baridi kama maji ya mtungini, kisha hazikuwapo. Ndani palikuwa kama zamani: kitanda cha kamba, mizani iliyong'arishwa, na vitaa kila ukingo. Mama Harishi alikuwa amechuchumaa penye jiko, unga hadi viwikoni.

"Mama Ndassa! Sahani moja, miaka miwili?"

"Uliondoka bila kuaga."

"Lori halikunipa nafasi." Akala tobolwa moja, halafu la pili, kama mtu aliyetoka safari ndefu. "Asali hii umeinyima nani?"

Kwandu alifuta asali ukingoni mwa sahani kwa kidole. Mama Harishi akaacha kutafuna.

"Ndassa yuko wapi?"

"Vitani. Wamemchukua kwa lori."

"Lori tena," alisema Mama Harishi. Akanawa mikono, akachukua kitaa chenye ufa, akakijaza samli na kukiweka dirishani upande wa kaskazini. "Hiki chake. Mtu aliye mbali anataka dirisha moja tu."

Walikaa. Mama Harishi alieleza kuwa mumewe huko Mwanza anaunguza dengu kila siku, na kwamba chumba walichopanga kilikuwa ghorofani, ngazi ya watu wote. Hakukuwa na kizingiti cha kuwashia. Mtu hawezi kuwasha Divali kwenye ngazi ya watu wote.

"Kwa hiyo umerudi kwako," alisema Kwandu.

"Nimerudi. Kwani karatasi ilisema nyumba?"

"Ilisema duka."

"Mimi pia niliisoma."

Kisha akaijaza sahani laddu, ishirini na mbili, akamrudishia. Kwandu aliona amenaswa tena na deni la sahani, akafurahi.

Alipotoka, Pancras alikuwa bado ngazini. Alipewa laddu moja, Nimpaye mbili. Mwenyekiti alikula polepole, akilamba vidole, macho yamelowa. Halafu akasimama, akavuta kufuli kuhakikisha limefunga. Lilikuwa limefunga. Akasema kikao kijacho kina mambo mengi ya vita, na suala la nyumba halimo.

Ndani bangili ziligongana, na sauti ya Mama Harishi ikaja karibu kabisa na mbao.

"Mwakani mje tena. Mama Ndassa, uje na Ndassa. Na mwenyekiti naye aje, namkaribisha, ila ufunguo auache nyumbani."