Kamera ya Mkono wa Nani?

Mama Pacha alikuwa ameshaamua kamera ya kununua kabla hata hajavaa viatu. Bahati mbaya mume wake naye alikuwa ameshaamua ya kwake, na mwanamume yule akishaamua jambo humng'oi hata kwa tindo. Wakatoka nyumbani wameongozana vizuri, wanacheka, kila mmoja akidhani mwenzake hana neno.

Walikuwa na studio ya picha, chumba kimoja chenye pazia la buluu upande wa nyuma na kompyuta karibu na mlango. Waliifungua pacha wao wakiwa bado wanatambaa chini ya meza, na sasa pacha hao wamehama, wana wa kwao wanaotambaa. Kazi ilikuwa na mipaka. Baba Pacha anapiga. Mama Pacha anatoa kadi kwenye kamera, anahamishia picha kwenye kompyuta, anachagua, anakata pembeni, anang'arisha, anachapa. Mteja akimwomba yeye ampige moja ya haraka haraka, anajibu, "Mimi ni mtu wa jikoni, mpigaji yuko ndani," na anamwita mumewe.

Sasa mkono wa kulia wa Baba Pacha ulikuwa umeanza kutetemeka. Si sana. Kikombe cha chai kilikuwa kinaongea kidogo kwenye kisahani, basi. Mwenyewe amenyamaza kama maji mtungini, na mkewe hakuuliza. Lakini picha hazijui kutunza siri. Kwanza ilitokea moja tu, bibi harusi mwenye nyusi nne. Kisha zikaja tatu kwa mpigo, kisha nusu ya sherehe nzima ya watu. Mama Pacha akawa anazifuta upesi kabla mume hajavuta kiti kuja kutazama, amejibana kama mtu anayezoa vipande vya sahani kabla mwenye sahani hajaingia. Zikibaki nzuri tupu, anapaza sauti: "Njoo uone, Baba Pacha! Mkono ule ule!" Naye anakuja, anatazama, anatikisa kichwa, anarudi kwenye taa zake.

Hofu ya mama huyu ilikuwa moja, na tuiseme waziwazi. Alihofia kwamba siku mume wake atakapoziona zile zilizoharibika, ataipandisha kamera juu ya kabati na asiishushe tena. Na bila kamera angekuwa nani? Hata kumchumbia alikuja kumchumbia kamera ikiwa shingoni, mpaka baba mkwe akauliza kama amekuja kuoa au kupiga picha ya ukoo.

Kwa hiyo aliposikia kuna kamera za siku hizi zisizo na kioo ndani, na kwamba nyingine zina mtambo unaotuliza mtikisiko wa mkono, alianza kampeni. Hii ya zamani nzito. Hiki kioo chake kinachoruka kila ukibonyeza kinawashtua watoto wachanga. Wenzetu wote wamebadilisha. Baba Pacha alikubali upesi mno. Mtu anayebishana hata na saa ya ukutani akikubali upesi, ujue ana lake. Mama Pacha hakushtuka.

Mwenye duka la kamera walilofikia alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Aliwaamkia, akawavutia viti, akaweka kamera mbili juu ya meza ya kioo, kubwa na ndogo.

"Zote mbili hazina kioo ndani," alisema. "Ukichungulia hapa, unachokiona ndicho utakachokipata. Pakiwa na giza unaona giza. Hakuna tena kupiga halafu kuomba Mungu."

"Na mtikisiko?" Mama Pacha aliuliza, sauti kavu kabisa, kama anauliza bei ya kamba. "Namaanisha kwa jumla tu. Kwa mtu yeyote."

"Hapo ndipo zinapotofautiana. Kubwa ina kituliza mtikisiko cha nguvu, hata ukipiga umepanda ngazi unahema. Ndogo haina. Lakini ndogo ni nyepesi, na inakamata jicho la mtu yenyewe, haliiponyoki."

"Tunachukua kubwa," alisema Mama Pacha.

"Tunachukua ndogo," alisema Baba Pacha.

Walisema pamoja, wakatazamana. Mwenye duka akakivuta pembeni kikombe chake cha maji.

Baba Pacha aliichukua ndogo kwa mkono wa kushoto, akaiweka kwenye kiganja cha mkewe. "Hebu shika. Unaionaje?"

"Nishike ya nini? Mpigaji wewe."

"Shika tu, haiumi. Kidole kinafika kwenye kitufe?"

Kilifika bila kujinyoosha.

"Haya, na hii kubwa?"

Ile kubwa ilimjaa mkononi, kidole kikabaki kinatafutatafuta hewani.

"Umeona?"

"Nimeona nini? Kwani ni kidole changu kinachoenda kazini?"

Baba Pacha alitoa mfukoni kopo la peremende ambamo walihifadhi kadi zao za kumbukumbu, akazimwaga mezani. Kadi moja ikaruka mpaka sakafuni. Mkewe aliinama akaiokota kabla mumewe hajaanza kujitetea. "Hizi zinaingia kwenye ipi?" Baba Pacha aliuliza.

"Ndogo," alisema mwenye duka. "Kubwa ina kadi zake za aina nyingine, nene kidogo, za kasi kubwa. Hizi zenu huko haziingii hata uzigongee nyundo."

"Basi kadi zimeshakata shauri."

"Kadi hazijakata chochote," Mama Pacha alidakia, na hapa alikuwa nyumbani, maana kadi ni jiko lake. "Kuingia siyo kufaa. Hizi ni za kamera ya zamani, mwendo wa kobe. Kamera mpya inatoa picha nzito. Upige mfululizo bibi harusi anaingia, kadi ikwame inameza, kitaa kinawaka tu, na bibi harusi ameshakaa! Kadi mpya tutanunua hata tukichukua ndogo. Sema kama nadanganya, dada."

"Hadanganyi, mzee," alikiri mwenye duka. "Hata za ndogo itabidi mchukue zenye alama hii ya kasi."

"Unaona sasa? Tunachukua kubwa."

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi siku hiyo zilivaa miwani. Akijaribu kuamua ugomvi, mwenye duka alitia kadi kwenye ile kubwa, akamwomba mzee ajaribu. Baba Pacha aliinyanyua, akaelekeza kwenye rafu ya lenzi, akabonyeza. Mkono ulitetemeka wazi, mchana kweupe, mbele ya mtu mgeni. Picha ikatoka imetulia.

"Safi!" Mama Pacha alipiga kofi. "Si unaona? Mkono ule ule!"

Furaha ilizidi kipimo. Hata yeye aliisikia ilivyozidi.

Baba Pacha aliiweka kamera chini taratibu. "Mama Pacha," alisema, "unajua kwamba picha zina namba?"

"Namba gani?"

"Kamera inazihesabu yenyewe, moja, mbili, tatu, nne. Ukiniita nije kuona, naikuta moja, halafu nne, halafu tisa. Umezifuta vizuri sana zile mbaya. Namba ukazisahau. Siku nyingi sasa natazama mapengo."

Mama Pacha anayefuta hata chunusi ya bwana harusi, namba zimeandikwa chini ya kila picha, hakuziona. Mwenye duka alikumbuka ghafla kwamba upande wa pili wa duka kuna vumbi, akaenda na kitambaa chake.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Unaniita kwa furaha, njoo uone, njoo uone. Nikaona nikisema nitakuvunja moyo."

"Basi hii kubwa ndiyo dawa, Baba Pacha. Umeona mwenyewe."

"Itaituliza kamera. Mimi haitanituliza. Daktari anasema hali itazidi."

"Umeenda kwa daktari bila mimi?"

"Kama ulivyofuta bila mimi."

Mama Pacha alitafuta leso mkobani, akapata risiti ya sabuni, akajifutia hiyo hiyo.

"Sikiliza," alisema mume wake, na sauti yake ilikuwa ya chini, ile ya zamani ya kubembeleza pacha walale. "Tukinunua kubwa, itanibeba kidogo. Baadaye nayo itashindwa, na tutabaki na likamera ambalo mkono wangu hauliwezi na kidole chako hakilifikii. Mimi leo sikuja kununua kamera yangu."

"Mimi sitaki kupiga picha!" Mama Pacha alisema kwa nguvu, mpaka kitambaa kule kikasimama. "Nataka kukuona wewe unapiga. Hicho tu. Nimekaa kwenye kile kiti miaka yote nikikutazama mgongo, na sijachoka."

Baba Pacha aliisukuma pembeni ile kubwa.

"Nami nataka," alisema. "Ningepewa, ningepiga mpaka siku wanizike. Sijapewa. Lakini jicho lipo. Nitasimama nyuma yako nikuelekeze mpaka unichoke unifukuze. Na wewe unasema hujui? Ni nani aliyechagua kila picha iliyotoka studio ile, hii ibaki, hii itupwe? Nusu ya jina langu ni jicho lako."

Mama Pacha alilia kidogo, bila kificho, maana umri ule mtu haoni haya. Kisha akajikaza. Akamwita mwenye duka, akachagua kadi mbili mpya mwenyewe, akasoma alama za kasi kwa kuzisogeza mbali na macho, akakataa moja iliyofunguliwa pakiti. Akatia kadi moja kwenye kamera ndogo, akaiinua.

Ndani ya kile kidirisha cha kuchungulia alimwona mume wake, ameng'aa kuliko alivyo, amesimama pembeni ya meza na mikono mfukoni.

"Toa mikono."

"Ya nini? Piga uso."

"Nimesema toa mikono, Baba Pacha. Unabishana na mpiga picha?"

Akacheka, akaitoa. Hapo hapo, kabla kicheko hakijaisha, Mama Pacha akabonyeza. Kisha wakainamia kioo cha nyuma ya kamera, vichwa vimegusana. Uso ulikuwa umetulia, kila kunyanzi mahali pake, na kicheko kipo chote. Mkono wa kulia ulikuwa umetikisika, vidole vimekuwa viwili viwili.

Kidole gumba cha Mama Pacha kikaenda chenyewe kwenye kitufe chenye alama ya pipa la taka. Mumewe akakifunika kwa kiganja chake, kinachotetemeka.

"Iache," alisema. "Huyo ndiye mimi."

Akaiacha.