Mmevukaje Baridi?

Siku ya kwanza ya Mwezi Mweupe, sikukuu ya mwaka mpya, saa nane kasoro robo mchana, Tungalag alikuwa mlangoni pa shule ya wilaya akilitikisa kufuli kana kwamba lina masikio. Mwalimu mkuu alikuwa amemwahidi ufunguo wa chumba cha kompyuta. Ahadi ilikuwa ya kweli, ila mwalimu mkuu naye ana wazee wake, wazee wake wanakaa ng'ambo ya mto, na leo ndiyo siku ya kwenda kuwaamkia. Simu yake iliita mpaka ikachoka.

"Mwaka wa balaa huu," Tungalag aliliambia kufuli, kisha akajiziba mdomo kwa glavu. Siku ya kwanza ya mwaka hailaaniwi. Siku ya kwanza kila kitu ni chema, na kisichokuwa chema hakitajwi.

Usaili ulikuwa saa nane kamili. Chuo kilikuwa Japani, kwenye kisiwa cha kaskazini. Shahada ya uzamili ya mambo ya malisho, miaka miwili, kila kitu kimelipiwa tangu nauli hadi kitanda cha kulalia. Nafasi zilikuwa mbili kwa nchi nzima. Ofisi ya kule ilimpangia tarehe bila kujua imeangukia sikukuu, naye hakuomba ibadilishwe. Mtu mwenye wastani wa alama mbili nukta moja kati ya nne anapata wapi uso wa kuchagua siku?

Akageuka, akakimbia. Theluji ililia chini ya viatu vyake. Kutoka shuleni hadi kwa bibi yake ni dakika kumi kwa mtu asiye na wasiwasi. Yeye alitumia tano.

Alikuwa amekwisha kukataliwa na chuo hichohicho mwaka uliopita, na kanuni zao zilimruhusu mtu kuomba mara mbili tu. Ile mara ya kwanza walimuuliza swali alilojua litakuja. Muhula wa pili wa mwaka wa tatu ulianguka masomo manne kwa mpigo. Kulikuwa na nini? Sikukuu ilikuwa imepita kwa siku tano, mdomo wake bado una ladha yake, na juu ya hayo alikuwa mtoto aliyelelewa: mgeni akikuuliza habari za baridi, huanzi kumtapikia misiba. Alikaa wima, akatabasamu, akajibu, "Hakukuwa na shida. Baridi tuliivuka salama." Wakamshukuru. Baada ya mwezi wakamwandikia kwamba hawakuona sababu yoyote ya matokeo yale mabaya isipokuwa uzembe. Alizunguka na barua ile mfukoni siku tatu ndipo akafahamu kwamba uzembe huo ameusaini mwenyewe.

Maana mwaka ule wa tatu chuoni ndio uliokuwa mwaka wa zudi. Barafu ilifunga majani kama kifuniko cha chuma, na mifugo ikafa imesimama.

Nyumba ya bibi ilikuwa imejaa. Bibi Dulmaa mwenyewe alikaa mahali pa heshima, kando ya mnara wa mikate mirefu iliyorundikwa kwa ngazi saba, kitambaa cha samawati kimelala mikononi mwake. Mbele yake mgongo mzima wa kondoo wa kuchemsha, mkia wa mafuta umeuelekea mlango. Mzee Dorlig, jirani, alikuwa anazungusha kichupa chake cha ugoro. Shangazi Pagma alikuwa jikoni na sinia la buuzi, vitonge vya unga vilivyojazwa nyama, zinafuka mvuke. Na karibu na mlango, kwenye kigoda, kama mtu anayengoja kuitwa kazini, alikaa baba yake, Choijil. Kabla ya zudi alikuwa mfugaji. Sasa alichochea makaa kwenye tanuri la kupashia shule joto, na tangu mwaka ule hakuna aliyemsikia akitaja mnyama yeyote aliyekufa, hata mbwa.

"Huyo karudi!" Shangazi Pagma akapiga kelele. "Msomi wetu! Wajapani wamekukimbia hata kabla hawajakuona?"

"Shule imefungwa, shangazi. Nahitaji dirisha."

"Dirisha lina friji."

"Basi nitakaa juu ya friji."

Wakacheka. Lakini kweli, mtandao katika nyumba ile ulipatikana pale tu, kwenye kizingiti cha dirisha juu ya friji, na leo taifa zima lilikuwa linapigiana simu kuamkiana. Tungalag akapanda kwenye kiti, akaegemeza simu kwenye chungu cha ua, akatazama nyuma. Watu kumi na mmoja walikuwa wakimtazama huku wanatafuna.

"Bibi, naomba mnyamaze. Dakika ishirini tu."

"Mimi ninyamaze nyumbani kwangu sikukuu? Kula kwanza."

"Bibi, jamani!"

"Kwanza buuzi tatu. Mwenye njaa huongea upuuzi."

Alimeza ya tatu nzimanzima wakati simu inaita.

Nyuso mbili zikatokea. Mmoja alikuwa mwanamume mwenye miwani ambaye hakutabasamu. Wa pili, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi, alijitambulisha kwa Kiingereza kuwa Profesa Hayasaka, ndiye mwenye mradi. Mwaka jana huyu hakuwapo. Alichungulia nyuma ya Tungalag, akauona mnara wa mikate, akaona kofia za sikukuu. Uso wake ukachanua. Kisha, kwa lugha ya nyumbani, kwa lafudhi ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, akasema kwa sauti kubwa:

"Mmevukaje baridi? Mifugo imenona?"

Nyumba nzima ikaitikia kwa pamoja, kama darasa:

"Salama! Imenona!"

"Anaongea huyo!" Mzee Dorlig akaruka. "Mama, wewe ni binti wa nani?"

"Niliishi kusini ya hapo miaka miwili," Hayasaka akajibu, "nikipima nyasi."

"Kapima nyasi! Miaka miwili! Na nyasi zikamwambia nini?"

"Mzee Dorlig, tafadhali!" Tungalag akasema bila kugeuka. Masikio yake yalikuwa yanawaka.

Mwanamume mwenye miwani akakohoa, akarudi kwenye Kiingereza. Hakupoteza muda. Alikuwa na karatasi ya matokeo mbele yake, akaisoma kama hakimu anayesoma shtaka: takwimu, sifuri. Udongo, sifuri. Kemia, sifuri. Lishe ya mifugo, sifuri. Kwa nini tuzitie pesa za watu mikononi mwa mtu huyu?

Lilikuwa swali la haki. Tungalag alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo majuma mawili, na alikuwa na faraja moja: atajibu kwa Kiingereza, na mle ndani hakuna anayejua Kiingereza. Ataweza kuyataja yasiyotajwa, na sikukuu isichafuke. Akafungua mdomo.

Maneno yakamgomea. Kiingereza chake kilikuwa cha vitabu: kiliweza kununua tiketi, kuagiza chai, kueleza mtu anapenda kufanya nini akiwa na nafasi. Hakikuwa na neno la kondoo anayelamba manyoya ya mwenziwe kwa njaa. Hakikuwa na neno la sauti inayotoka kwa ng'ombe aliyeganda miguu. Alisema "baridi kali". Akasema "wanyama wengi". Akasikia mwenyewe jinsi inavyosikika nyepesi, kama kisingizio cha mtoto aliyechelewa shule. Mwanamume mwenye miwani akaangalia saa.

"Sema kwa lugha yako," Hayasaka akamwambia. "Mimi nitamfasiria."

Watu wakaacha kutafuna. Hata Shangazi Pagma alisimama na sinia mkononi. Tungalag akatazama nyuma. Bibi Dulmaa alitikisa kichwa mara moja tu, polepole, kulia na kushoto. Leo hapana.

Tungalag akafikiria kuomba siku nyingine. Akaona jinsi mwenye miwani atakavyoandika neno moja kwenye karatasi na kuifunga. Akageukia simu.

"Ulikuwa mwaka wa zudi," alisema. "Nilikuwa mjini, nina mitihani. Nikarudi nyumbani kwa lori la makaa. Tulikuwa na mifugo mia tano na zaidi. Tulipoteza mia nne."

"Mtoto wewe!" Bibi akanong'ona, akachovya kidole katika bakuli la maziwa, akarusha tone hewani kulifukuza neno lile. Mzee Dorlig akatazama mlango, lakini alikuwa hajaonja mgongo wa kondoo, na kuondoka kabla ya kuonja ni tusi. Akabaki akijikunja kama mtu mwenye tumbo la kuhara.

"Nilikaa siku arubaini na nne," Tungalag aliendelea, na sasa hakuweza kujizuia. "Asubuhi tunawatoa waliokufa zizini ili walio hai wapate pa kulala. Tuliwarundika nyuma ya kilima. Wengine tuliwachuna, wengine walikuwa wameganda, kisu hakiingii. Niliporudi chuoni mitihani ilikuwa imepita. Niliulizwa cheti cha daktari. Kondoo hawatoi vyeti."

"Si mia nne."

Sauti ilitoka mlangoni. Choijil alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Mia nne thelathini na saba," alisema. "Umewasahau mbuzi wa mama yako. Na farasi saba."

"Choijil!" Bibi akamaka. "Leo ni siku ya kwanza!"

"Najua ni siku gani, mama."

Akapita katikati ya wageni, akakanyaga mguu wa Dorlig bila kuomba radhi, akafika kwenye friji. Hakujua atazame wapi kwenye simu, kwa hiyo alikiongelesha kile chungu cha ua.

"Mama mgeni, huyu hakuwa mzembe. Mimi ndiye niliyempigia simu. Aliniambia, baba, nina mtihani wa takwimu kesho. Nikamwambia mtihani haufi, kondoo wanakufa." Akaikunja kofia yake. "Kumbe na mtihani hufa. Sikujua. Mimi niliishia darasa la nne. Kama kuna wa kupewa sifuri, andika jina langu: Choijil."

Hayasaka akatafsiri kwa sauti ya chini na kwa muda mrefu. Mwenye miwani akavua miwani. Akauliza kitu, naye Hayasaka akakigeuza:

"Na nyumba nyingine za wilaya yenu, zilipoteza kiasi gani?"

Choijil akamtazama Dorlig. Dorlig akakitazama kichupa chake.

"Hakuna anayejua," Tungalag akasema. "Wilaya iliandika hesabu za kwake. Watu ukiwauliza wanakujibu salama. Hata mimi mwaka jana niliwajibu ninyi hivyohivyo."

Hayasaka akainama, akaanza kuandika. Akainua kichwa, akafungua mdomo, na uso wake ukagandia hapo, mdomo wazi, duara dogo likizunguka juu ya paji lake. Taifa zima lilikuwa linaamkiana. Tungalag alipiga tena mara kumi na tisa. Haikushika.

"Basi mle," alisema Bibi Dulmaa hatimaye, kwa sauti kavu. "Nyama inapoa."

Majuma matatu Tungalag hakutulia. Alikwenda posta asikokuwa na barua. Alipanga upya kabati la Shangazi Pagma hadi shangazi akamfukuza: "Nenda ukawapange Wajapani huko!" Aliwaandikia kuomba radhi kwa kukatika kwa simu, akafuta, akaandika tena, akatuma, akajuta. Bibi hakumsemesha siku tisa. Siku ya kumi farasi wa binamu akavunjika mguu na Bibi akamtazama Tungalag kama aliyemvunja yeye. Usingizi wa Tungalag ulikuwa wa kuku, kichwa juu.

Jibu lilimkuta kwenye chumba cha tanuri, kampelekea baba yake chai ya maziwa yenye chumvi. Simu ikatetemeka. Alisoma amesimama, akasoma akizunguka rundo la makaa, akasoma mara ya tatu amejibanza ukutani.

"Wamekataa?" Choijil akauliza. Hakuacha kuchochea.

"Wamenichukua."

"Kwa pesa yao?"

"Yote. Miaka miwili. Ila takwimu nitairudia kulekule, muhula wa kwanza, na nikianguka wananirudisha."

Choijil akaweka koleo chini. Akaufuta uso kwa kiganja chenye masizi, ukazidi kuwa mweusi, akakohoa sana kuliko moshi uliokuwapo.

"Kuna jingine," Tungalag akasema. "Profesa anataka nije na kazi mkononi. Niende nyumba kwa nyumba, niulize kila mmoja alipoteza wangapi mwaka ule. Nyumba sitini angalau, kabla ya Septemba." Akacheka bila furaha. "Baba, sitini! Watanifukuza kwa mbwa. Hakuna atakayefungua mdomo."

"Nani kasema sitini? Zilizoumia ni zaidi ya mia."

"Ndiyo ubaya wenyewe."

"Tuanze na Dorlig," Choijil akasema. "Ni mwongo, lakini ni mwoga. Tutakwenda wote wawili. Nitamtajia wangu kwanza, mmoja mmoja kwa rangi yake, mpaka aone haya. Halafu mjane wa Baldan. Halafu wale ndugu wa kisimani, wale hawapatani, kila mmoja atamtaja mwenzake."

"Ngoja, ngoja, sina karatasi."

Akatoa kalamu, akakunja mkono wa koti, akaanza kuandika majina kwenye kiganja. Baba yake hakungoja. Aliyatoa haraka, kama mtu anayetapika kilichomkaa miaka sita, na Tungalag akaandika akipanda: kifundo cha mkono, kigasha, karibu na kiwiko. Moto ulikuwa unafifia na juu yao watoto wa shule walikuwa wameanza kugonga mabomba wakidai joto.

"Waache wagonge," Choijil akasema. "Kunja zaidi. Wa ng'ambo ya mto bado."