Sindano ya Kurwa, Sindano ya Doto

Doto alikuwa ameinamia sufuria la nyama, mkono mmoja kwenye mwiko na mwingine ukipunga moshi, pale wakunaji nazi waliponyamaza wote kwa mpigo. Akainua kichwa. Mlangoni pa ua alisimama mwanamke mwembamba, kikapu mkononi, vumbi la njia ya Namoto, kule mpakani, limemjaa hadi kwenye kope. Doto akamtazama kama mtu atazamavyo mgeni. Kisha mwanamke yule akacheka, na Doto akauachia mwiko. Kicheko kile kilikuwa chake mwenyewe.

"Kurwa!"

"Njoo basi, au umeota mizizi?"

Alikimbia. Miguu yake iliyovimba, ambayo alfajiri ilikataa hata kuvuka kizingiti, ilimfikisha mlangoni kabla hajajua. Wakashikana, wakayumba, wakalia na kucheka. Tangu vita vilipouvunja mji wao wa Palma na kuwatawanya watu, pacha hawa walikuwa wakisikiana sauti tu, Kurwa kwa mumewe Mtwara, Doto akihangaika huku na huku na simu yake ya vitufe. Sasa watu wamerudi. Bwana Buanali, mfanyabiashara wa samaki, alikuwa anamwoza binti yake Zuleica kwa masinia na ngoma, harusi kubwa ya kwanza mtaani tangu warudi. Mpishi angekuwa nani kama si Doto? Na Doto angepika harusi na nani kama si Kurwa?

"Maskini, amekwisha," mmoja wa wakunaji alimnong'oneza mwenziwe. "Huko Mtwara hawali?"

Kurwa alimsikia. "Tunakula, mwanangu. Ila mimi nachoma sindano."

Ugonjwa wa sukari uliwakamata wote wawili, kama surua ilivyowakamata utotoni, mmoja akianza na mwenziwe akifuata. Doto alipewa insulini, ya kuchoma asubuhi na jioni. Kichupa chake alikilaza ndani ya chungu, juu ya mchanga mbichi, maana baridi ya geleira ya jirani haikuwa ya kutegemewa. Sukari ilishuka, lakini mwili ulizidi kunenepa na magoti yakachoka. Mwaka wa pili huu alikuwa akiswali juu ya kiti. Kurwa naye, ng'ambo ya mto wa mpakani, aliandikiwa sindano ya mara moja kwa wiki. Alimweleza mwenziwe kwa simu, lakini Doto aliyachukulia kuwa maneno ya kutiana moyo.

"Nionyeshe," alisema Doto.

Kurwa akaitoa kikapuni, imeviringishwa kwa kitambaa.

"Mbona hii ni kaneta ya shule!"

"Kalamu, ndiyo. Unazungusha hapa, unabana tumboni, basi mpaka Ijumaa nyingine."

"Na njaa?"

"Njaa inabisha hodi, lakini haingii."

Doto aliigeuza kalamu ile viganjani, macho yakimwaka. Alijiona anashuka kwenye mkeka, anaweka paji la uso chini, anainuka bila kushikwa na mtu. "Nikimaliza pilau utanichoma," alisema. "Na kile kichupa changu nakwenda kukitupa baharini."

Kurwa alicheka. Akairudisha kalamu kikapuni.

Kazi ikawachukua. Vitunguu vikageuka rangi, bizari ikaingia, ua mzima ukanukia. Tangu ujana wao, mkono ulikuwa wa Doto na ulimi wa Kurwa: Doto anatia, Kurwa anaonja na kuamua. Doto akamchotea mchuzi kwa upawa. Kurwa aliuleta mdomoni, akaurudisha.

"Chumvi imekaa?"

"Sijui, Doto. Siku hizi samli ikininukia tu, tumbo linanigeukia."

Doto alimkodolea macho. Kurwa asijue chumvi! Akaonja mwenyewe, akaongeza, akaonja tena, na moyo wake ukaenda mbio, nusu kwa hofu na nusu kwa furaha ya kuushika usukani peke yake. Mchele ukaingia. Ngoma zikasikika kutoka upande wa msikiti. Watoto wakapiga kelele kwamba watu wa bwana harusi wanakuja. Doto akapalia makaa juu ya mfuniko, akawaamrisha wasichana waoshe masinia, akaimba. Uji wake wa asubuhi ulikuwa bado kwenye bakuli, umefanya utando. Sindano alikwisha kuichoma alfajiri.

Jasho likaanza kumtoka. Jikoni kila mtu hutoka jasho, hakuna aliyelitilia maanani. Kisha akaanza kufoka. Nani kaiba mwiko? Mwiko alikuwa ameushika yeye. Akakaa chini ghafla, mikono ikimtetemeka.

"Doto, umekula?" aliuliza Kurwa.

"Doto nani?"

Kurwa hakungoja neno la pili. Alinyakua jagi la sharubati lililoandaliwa kwa wageni, akampakata dada yake na kumnywesha polepole.

"Hiyo ya maharusi!" mtu alipiga yowe.

"Maharusi watakunywa maji! Niitieni nesi!"

Gracinda, nesi wa kituo cha afya, alikuwa tayari yuko barazani, amejifunga kapulana mpya kiunoni, amekuja kula pilau kama wengine. Alitoa kipimo chake mkobani, akamtoboa Doto kidole, akatazama, akaagiza sharubati nyingine. Baada ya kitambo macho ya Doto yakarudi mahali pake.

"Pilau yangu," alisema.

"Pilau yako nzima," alijibu Kurwa, machozi yakimshuka. "Kunywa uji huu kwanza."

Alipomaliza bakuli, Doto akamgeukia nesi. "Enfermeira, umeona? Sindano ya dada yangu haiangushi mtu namna hii. Nibadilishie leo."

"Peke yake ni nadra kuangusha, kweli," alisema Gracinda, akichuchumaa mbele yake. "Insulini haijui kama umekula, Dona Doto. Ukishaichoma, inaitoa sukari kwenye damu, ule usile. Hii ya Dona Kurwa inaamsha insulini ya mwili wako mwenyewe chakula kinapofika, na inachelewesha chakula kutoka tumboni. Sasa je, mwili wako bado una yake ya kuamsha? Kama hauna, ukiitupa insulini sukari itapanda mpaka ikuue."

"Kwa hiyo ipi bora?"

"Hizi si wake wenza, zigombee nyumba moja. Wengine wanatumia zote mbili. Jumatatu njoo nitoe damu ikapimwe, kisha nizungumze na daktari wa hospitali ya mkoa, mjini Pemba."

Doto alingoja nesi aende kunawa, akamshika Kurwa mkono. "Wewe nichome tu. Damu yetu si moja?"

Kurwa alikivuta kikapu mapajani, akakikumbatia.

"Sikukuambia yote," alisema. "Mwanzoni nilitapika mpaka nikaililia insulini yako. Na mimi walinipandisha dozi kidogo kidogo, ukianzia hapa nilipofika utaumia. Doto, natamani uwe kama mimi. Nimechoka kuwa mwembamba peke yangu, kila ninapopita watu wananipa pole. Lakini sikuchomi."

Doto alivuta pumzi ajibu, na jibu lilikuwa kali. Vigelegele vikamkatiza. Zuleica alikuwa ametokeza barazani, uso umeng'aa kwa unga mweupe wa msiro na kwa haya, na ua mzima ulisimama. "Mfuniko!" alipiga kelele Doto, hasira imemtoka yote. Pacha wakaukamata, huyu huku na yule huku, wakaufunua kwa pamoja. Mvuke ukapanda. Punje zilikuwa zimeachana moja moja. Bwana Buanali alionja, akafumba macho, akataka tena. Kurwa alikula matonge machache, akacheza ngoma zote. Doto alicheza ameketi, mabega tu, na mabega yale yaliwatosha waliomtazama.

Jumatatu, kituoni, Gracinda alimfunga Doto mpira mkononi. Kurwa, anayejichoma mwenyewe kila wiki, aligeuzia uso ukutani. Doto hakugeuka. Aliitazama damu ikipanda kwenye bomba, nyekundu ya kuiva, mdomo umemwachama kama wa mtoto. Nje, gari la kwenda Pemba, litakaloipeleka damu ile maabara, lilikuwa limekwisha kuwashwa. Nesi akaitia damu kwenye kichupa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitikisa taratibu.