Mwaka Ulio Ndani ya Kiti

Mkasi hakwenda kwenye maonyesho yale kumbembeleza mtu. Jina hilo alipewa tangu usichana, kwa ajili ya ulimi wake wala si kazi yake ya kushona, na miaka sabini na minane haikuutia ulimi huo kutu hata kidogo. Alisimama mbele ya kamba iliyozungushiwa lile gari jeusi, akasoma karatasi iliyobandikwa kwenye ubao: gari la kiwanda chetu cha zamani, limeundwa mwaka 1969. Chini yake, jina la mgeni rasmi na wadhifa wake. Akaisoma tena, akaguna.

"Uongo!" alisema, na sauti ikafika mpaka mlangoni.

Mjukuu wake aliyemleta akamvuta mtandio. "Bibi, polepole basi."

"Polepole ya nini? Kwani nimetukana mtu?"

Hebu niwaambie kilichomuuma. Kiwandani pale walikuwepo wanawake kumi na wawili, kazi yao kushona viti vya magari. Mwisho wa mwaka 1966 walionyeshwa geti wote, maana viti vilianza kuletwa kutoka nje vikiwa tayari, vya sponji. Walikuwa vibarua, na kibarua nani amwandike? Zikabaki picha za wanaume na spana zao. Kila Mkasi aliposema amewahi kushona viti vya magari, watu walichekea pembeni. Hata mwanawe wa kumzaa alizoea kusema, "Mama naye kwa kutia chumvi!" Sasa limebaki gari moja tu. Likiwa la 1969, viti vyake vililetwa, na Mkasi ni mwongo. Kesho asubuhi maneno ya karatasi ile yangechongwa kwenye shaba, na nani atabishana na shaba?

Mtaalamu wa magari ya kale akaja, kijana mpole mwenye glavu nyeupe. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kakwambia sitini na tisa?"

Kijana hakukasirika. Alifungua boneti akamwonyesha namba. "Injini yenye namba hii ilitengenezwa sitini na tisa. Namba ya chasisi imeliwa na kutu, kwa hiyo tumeshika hii."

"Injini hubadilishwa, mwanangu. Mtu akivaa viatu vipya utasema kazaliwa leo?"

"Inawezekana, bibi. Lakini tuna ushahidi gani mwingine?"

"Kiti."

Mkasi akatoa mkobani kisu chake kidogo cha kufumulia, akainama, akapita chini ya kamba, magoti yakilia. Mkurugenzi wa maonyesho, aliyekuwa akipanga viti vya wageni, alikuja mbio tai ikiwa begani.

"Mama! Toka hapo! Hicho ni kitu cha kale!"

"Hata mimi ni kitu cha kale, na hakuna aliyenizungushia kamba."

"Ukikata hiyo ngozi naita polisi!"

"Sikati, nafumua. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na walioviunda wapo. Ita polisi, nao waje waone."

Mtaalamu aliinua mkono. "Mkurugenzi, mwache kwanza." Naye alikuwa na hamu ya kujua.

Mkasi alifumua ukingo wa kiti cha mbele, uzi mmoja mmoja, huku akieleza. Walikuwa na msimamizi mwenye roho ya korosho. Chini ya ngozi hutandikwa gunia, na msimamizi alimlazimisha kila mshonaji aandike juu ya gunia lile namba yake na tarehe kwa wino. Kiti kikirudi kimeachia mshono, anajua nani wa kumfukuza.

Ngozi ikafunguka. Hapakuwa na sponji. Vumbi lilitoka, na nyuzi za katani, na gunia lililofifia. Kwenye gunia, kwa wino uliogeuka kahawia, palikuwa na 7, na chini yake 14.3.66.

"Labda kilishonwa upya," alisema Mkurugenzi. "Au kimetolewa gari lingine."

"Hesabu matundu ya sindano," Mkasi akamjibu. "Ngozi ikishonwa mara mbili huwa na matundu ya mara mbili. Haiponi hiyo."

Mtaalamu akapiga magoti na lenzi yake. Alifuata ukingo wote. Mstari wa matundu ulikuwa mmoja. Akatazama boliti za kiti, akakuta rangi ya kiwandani haijapasuka hata kwenye boliti moja. "Kiti hiki hakijawahi kutoka humu," alisema, akavua glavu. "Gari ni la sitini na sita. Kumbe namba saba ni wewe, bibi!"

Ilikuwa rahisi. Kuitikia kwa kichwa tu. Mjukuu alishainua simu ampige picha amtumie baba yake. Mkasi akajikasirikia kwa kusita.

"Mimi kumi na moja," alisema. "Saba ni Kiduchu. Tulikaa bega kwa bega. Kafa, na watoto wake wamemzika bila kuamini neno lake."

Mkurugenzi akashusha pumzi. "Basi mwaka tutarekebisha. Ila habari zako wewe, mama, hazijathibitika."

"Bibi, fumua na cha nyuma," mjukuu akamhimiza. "Huenda ndicho chako."

"Na kisipokuwa changu? Ng'o! Sifumui gari zima ili huyu aniamini. Tumetafuta mwaka wa gari. Wa kwangu naujua." Akamgeukia Mkurugenzi. "Andika limeundwa sitini na sita. Viti vimeshonwa na wanawake kumi na wawili, hicho cha mbele na Kiduchu."

"Nafasi haitoshi, mama. Kuna jina la mgeni rasmi, wadhifa wake, tarehe ya uzinduzi..."

"Mgeni rasmi kashona nini?"

Mtaalamu akabandua karatasi ubaoni, akatoa kalamu, akamkata mgeni rasmi pamoja na wadhifa wake. Akaandika mwaka. Akaanza kuandika 12.

"Futa hiyo," alisema Mkasi. "Andika kwa maneno. Tumekuwa namba vya kutosha."

Kijana akafuta, akaandika kwa maneno, na Mkasi akasimama begani kwake mpaka alipoweka nukta.