Jiwe la Ruth

Mzee mmoja mgeni aligonga dirisha la Wiebke Harkort alasiri ya tarehe tisa Novemba, wakati fundi huyo wa cherehani akitafuta kitambaa na dawa ya kung'arishia shaba. Alisema anaitwa Amnon, ametoka Haifa. Mama yake alikuwa hospitalini huko, hana siku nyingi, na alitaka kuliona jina la mdogo wake aliyeuawa utotoni, kwa video ya simu, kabla jua halijatua.

Jina lilikuwa pale mlangoni, kwenye jiwe la shaba lililopachikwa njiani: Ruth Salinger, miaka sita, aliyetolewa kwenye nyumba hiyohiyo na Wanazi, akauawa. Kila mwaka siku hiyo, kumbukumbu ya usiku Wanazi walipowashambulia Wayahudi kote Ujerumani, watu wa Leipzig hupiga magoti na kuyasugua mawe kama hayo. Safari hii mtu alikuwa amelimwagia jiwe la Ruth lami.

Magoti ya Amnon hayakunjiki tena. Wiebke akamwahidi kwamba mama yake atalisoma.

Kazi ile humfanya mtu awape mgongo wapita njia. Hakumwona Torsten, jirani wa ghorofa ya tatu, aliyekuja na mwenzake, mpaka kiatu kilipompiga mbavuni.

"Bibi Wiebke, siku hizi unawafulia Wayahudi?"

"Nenda nyumbani, Torsten. Mimi ndiye niliyekushonea suruali hiyo."

Mwenzake alicheka. Torsten hakucheka. Amnon aliinua fimbo. Yule mwenzake akaipokonya, akaivunjia kichwani mwa Amnon. Mzee alianguka ukutani, damu ikimwingia jichoni. Torsten akakanyaga mkono wa kulia wa Wiebke, akausaga kama anayezima sigara. Wiebke alivisikia vidole vikivunjika, kimoja baada ya kingine.

Walikimbia muuza mkate wa ng'ambo ya barabara alipotoka akisema amewaita polisi.

Gari la wagonjwa likaja. Muuguzi aliutazama mkono, akasema damu haifiki vidoleni. Wakichelewa, huenda asishike sindano tena.

"Nipe robo saa."

"Huna robo saa, mama."

Jua lilikuwa limeshagusa paa. Wiebke alifungua kopo la dawa kwa meno, akapiga magoti tena, akasugua kwa mkono wa kushoto, akitapika mara moja pembeni kwa maumivu. Herufi zilitoka polepole chini ya lami.

"Washa simu, mzee."

Amnon alijifuta damu, akainamisha simu. Sauti nyembamba kutoka Haifa ilisoma jina lote, kisha umri. Wiebke akangoja imalize, ndipo akamnyooshea muuguzi mkono.