Kufuli Jekundu la Philmon

Jumamosi ile jioni niliandika katika daftari la zamu, "Makufuli yote yameondolewa," nikatia sahihi, nikaenda kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Sikuwa nimekwenda kuyaangalia. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa msimamizi wa umeme katika kinu kile cha chuma karibu na mji wa Ranchi, India, na hiyo ndiyo mara pekee niliyoandika nisichokiona.

Sheria yetu haikuwa ngumu. Kila fundi alikuwa na kufuli lake jekundu lenye ufunguo mmoja. Kabla ya kutia mkono katika mashine, alilifunga kwenye swichi ya mashine hiyo, na hakuna aliyeruhusiwa kuliondoa ila yeye. Asipoonekana, hutafutwa hadi aonekane kwa macho au sauti yake isikike.

Jumapili asubuhi nilikuta kufuli la Philmon Kerketta likining'inia kwenye swichi kuu ya Ndovu. Ndovu lilikuwa jina la mota yetu kubwa, iliyozungusha magurudumu ya kubamiza vyuma. Philmon ndiye aliyezitunza brashi zake, yaani vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme kwenye pipa la shaba linalozunguka ndani ya mota. Swichi ile ililisha pia hita inayokausha nyaya zake wakati imesimama. Ulikuwa Bhado, mwezi wa mvua kubwa kwetu, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mhandisi Lahiri alikuwa amekwisha kufika, mkononi ana kipimo cha ukavu wa nyaya.

"Jana kilisoma nane," akasema. "Sasa kinasoma tatu. Kikishuka chini ya moja, kesho hatuwashi. Huyu mtu wako yuko wapi?"

"Yuko wapi tena, bwana mhandisi!" akadakia Jitu Mahto, fundi wetu wa mitambo, mtu asiyejua kunyamaza. "Kwao ni Nawakhani leo, sikukuu ya mavuno. Saa hizi anakula mchele mpya kwa mikono miwili. Na ufunguo usiuulize, uko shingoni mwake. Ameufunga uzi mmoja na medali ya Bikira Maria. Huyo hata akioga havui!"

"Basi tulikate kufuli," akasema Lahiri.

"Hatujamwona," nikasema.

Tulishuka shimoni chini ya mota, tukamulika kila pembe, tukaingia hata katika njia ya hewa. Hakuwamo. Baiskeli yake nayo haikuwapo bandani. Lahiri alinivuta kando, akalifungua daftari la zamu, akaweka kidole juu ya sahihi yangu.

"Mzee Tirkey, soma mwenyewe. Hapa panasema hakuna kufuli. Tukilikata sasa, daftari litakuwa kweli. Mimi sitasema, Jitu nitamnyamazisha. Umebakiza miezi minne ustaafu kwa heshima. Unataka nini zaidi?"

Sitasema kwamba sikushawishika. Jina langu lilikuwa safi, na nililipenda hivyo. Lakini walionifundisha kusoma katika shule ya misheni walinichapa kwa mambo madogo kuliko hilo. Nilichukua kalamu, nikapiga mstari juu ya maneno yangu, nikaandika chini yake: "Si kweli. Sikuangalia. Kufuli la P. Kerketta bado lipo. Jumapili, saa mbili na robo asubuhi." Nikatia sahihi tena.

Lahiri alinitazama kama mtu aliyenyimwa maji. "Umejikaanga mwenyewe."

"Afadhali nikaangwe kwa mafuta yangu," nikamjibu.

Tulivuta waya kutoka karakana, tukawasha balbu kubwa kumi kuizunguka mota, tukaifunika kwa turubai ili joto lisitoke. Nikamweka Jitu kando ya swichi.

"Ukae hapa. Mtu asiguse."

"Mzee, nitakaa kama kuku juu ya mayai."

Nikachukua gari la kinu. Kijiji cha Philmon kilikuwa ng'ambo ya mto Koel, na daraja lilikuwa limezama. Nilimwacha dereva, nikavuka kwa miguu nikishika kamba, maji kifuani. Nikafika saa saba, nguo zikichuruzika, nikawakuta wamekaa na sahani za majani.

"Yesu wangu!" Philmon akasimama. "Mzee, nani amekufa?"

"Hakuna. Fungua kola."

Akajishika shingo, naye akaelewa. Mke wake, Salomi, akajipiga kofi pajani. "Si nilikuuliza huo uzi una nini tena? Ukasema baraka!"

"Mzee, naapa nilidhani nimelifungua kufuli. Mvua ilikuwa inanipiga, nikakimbia..." Ghafla uso ukambadilika. "Mmemwasha Ndovu?"

"Kwa nini?"

"Nusu ya brashi nimeziinua. Kumi na mbili. Nilikuwa nizirudishe Jumatatu kabla ya king'ora. Nilifunga vifuniko mvua isiingie, kwa nje huwezi kujua. Mzee, mkimwasha hivyo ataungua!"

Sisi tulikuwa tumetafuta mtu tu shimoni. Hakuna aliyeinua kifuniko.

Hatukumaliza kula. Tulivuka mto pamoja, tukafika kinuni saa kumi na moja, na nilijua kwa harufu kabla ya kuingia. Kufuli lilikuwa chini, limekatwa kwa msumeno. Jitu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hana utani.

"Nilimwambia mhandisi, mzee. Akanituma nikaite mlinzi langoni, nikaenda kama mjinga. Niliporudi hita ilikuwa inawaka. Akasema ngoja tumzungushe polepole ajikaushe haraka. Nikamshika mkono, akanisukuma. Kukawa na mwanga, halafu mlio."

Umeme wote ulikuwa umepita katika nusu ya brashi. Pipa la shaba lilikuwa limeyeyuka mahali pengi, limechuruzika kama mshumaa uliosahauliwa. Hakuna aliyeumia. Kinu kilisimama wiki saba.

Mbele ya wakuu, Lahiri alisema alitegemea sahihi yangu. Daftari likaletwa, likasomwa kwa sauti, hadi kwenye maneno "saa mbili na robo asubuhi." Akahamishwa. Philmon alisimamishwa kazi wiki mbili, kwa haki. Mimi nilivuliwa usimamizi nikapelekwa kwenye meza ya kusafisha brashi, nayo pia ilikuwa haki. Kama ningalitembea hatua arobaini Jumamosi ile, Philmon angaliitwa kabla hajatoka langoni. Tangu hapo mlinzi hakumruhusu fundi kutoka bila kufungua kola, aone kwamba hakubeba ufunguo.

Siku Ndovu alipowashwa tena, Jitu ndiye aliyeshika daftari, kwani walimpa nafasi yangu. Philmon alivuta uzi shingoni, akafungua kufuli lake jipya, akalitia mfukoni. Jitu hakuandika kitu. Aligeuka kunitafuta nilipokuwa, mwisho wa meza, mikono myeusi kwa kaboni.

"Mzee, limetoka?"

"Limetoka."

"Umeliona kwa macho?"

"Kwa macho."

"Haya," akasema, "na mimi ngoja nikalione." Akaenda mwenyewe hadi kwenye swichi, akaishika, akarudi, ndipo akaandika.